Dakika Moja ya Kuililia Mipaini

Kuna ukumbi mmoja hapa Njombe ambao nikipita mbele yake nageuza uso kama mtu anayetafuta namba ya nyumba, kwa sababu humo ndani nilisimamisha watu wazima na watoto kuomboleza miti, na mwenye miti alikuwa ameketi mstari wa mbele.

Mimi ni fundi redio wa Makambako. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea mwenyewe, kalamu mkononi, ndiyo maana watu huniita Mwalimu (nami, Mungu anisamehe, huitika). Basi mwalimu wa Kiswahili wa shule moja akaniomba, siku ya mahafali, nieleze shairi la mwanafunzi wake Neema lina mtazamo gani kuhusu mashine na maumbile. Lilikuwa la beti mbili tu. Neema angelighani baada yangu, na baba yake, mkata miti wa Matembwe, angekuja kumsikia.

"Nikuitie binti umuulize alichokusudia?" mwalimu akasema.

"Hapana, shairi lijisemee lenyewe."

Uamuzi mdogo tu.

Wiki nzima nililisoma dirishani alfajiri, ukungu umeshuka hadi barazani, milima imefutika, na kutoka mahali nisipopaona msumeno wa mashine ukilia taratibu kama mtu anayeota, nami nikaota nao.

*Msumeno wanguruma, ukungu wapasuliwa,*
*Mipaini yainama, kilima kikanyolewa.*

Nikaona mashine katili na mlima yatima. Ubeti wa pili ulimshukuru baba. Nikaona unaharibu dhamira, ni adabu tu za mtoto, nikaukata kwa mstari (kwa rula, jamani, nilitumia rula).

Siku ya siku nilisema vizuri mno. Nilimwita mshika msumeno adui wa uhai, nikaona watu kimya, nikadhani nimewagusa, nikaongeza ambalo halikuwa hata kwenye daftari langu: "Tusimame dakika moja, tuikumbuke miti yetu."

Wakasimama. Mama mmoja mwenye sweta akamnong'oneza jirani yake, "Nani amefariki?"

"Sijui, mama. Wewe simama tu."

Nyuma mzee mmoja akaanzisha wimbo wa msiba, wengine wakaupokea, mama wa sweta akaanza kulia kabisa, na mimi na kipaza sauti changu sikujua namna ya kuwazima.

Wimbo ulipokwisha, mtu mmoja wa mstari wa mbele alibaki amesimama, koti limeingia utomvu mikononi.

"Kamwene, Mwalimu," alisalimia kwa upole, na upole ule ndio ulioniua. "Hiyo miti mnayoililia nimeipanda mimi. Ni shamba, kama mahindi, ndilo linalolipa ada ya shule. Sikujua kwamba mwanangu ananiona adui."

Akachukua kofia yake, akaelekea mlangoni.

Nilianza kupekua daftari langu. Ndipo Neema, bila kuitwa, akasimama katikati ya wenzake akaughania mgongo wa baba yake ubeti nilioukata:

*Baba uliyeipanda, siku nilipozaliwa,*
*Kila ngurumo napanda, darasani napokewa.*

Yule baba alisimama mlangoni, ukungu wa nje umemzunguka mabegani. Hakugeuka upesi. Alipogeuka, kofia ilikuwa imefunika uso, na ukumbi ukalia tena, safari hii kila mtu akijua kwa nini.

Niliwaomba radhi wote wawili palepale, kwenye kipaza sauti. Mvua zilipoanza nikaenda Matembwe kumsaidia kupanda miche kwenye kile kilima kilichonyolewa. Tulifanya kazi ndani ya ukungu, kila mmoja akimsikia mwenzake tu, mpaka sauti yake ikanijia kutoka mstari wa juu:

"Mwalimu! Na huu nao utaulilia?"

"Baba Neema," nikajibu, nikiushindilia mche udongo, "siku hizi naanza kwa kumuuliza aliyeupanda."