Kikombe cha Kaka na Wembe wa Shangazi

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kaka yangu alikwenda Nachingwea kumtolea mama damu. Hospitali waliikataa: kaka ana homa ya ini, ile ya B. Aliporudi kwetu Narung'ombe, siku hiyohiyo shangazi alikitundika kikombe cha kaka kwenye msumari, mbali na vyetu. Sahani ikafuata. Kwa usafi, ukoo wetu hauna mpinzani.

Baadaye daktari mgeni alifika Ruangwa mjini kuwapa somo wagonjwa na ndugu zao. Nikamsindikiza kaka. Daktari alichora kirusi ubao mzima. Kuna protini moja, alisema, inayokijengea kirusi ganda, inayofungasha vinasaba ndani yake na kuvisindikiza hadi kwenye kiini cha seli. Ukiivuruga kazi mojawapo, kirusi kimekwama. Niliionea wivu protini ile. Kwetu mtu akichota maji tu, siku nzima anasifiwa.

"Dawa ya kuivuruga naipata wapi, daktari?" kaka aliuliza.

"Bado wataalamu wanaitafuta."

Tukapewa soda. Wakati anafuta ubao, watu wameshasimama, ndipo daktari akakumbuka kusema kuwa ugonjwa huu huambukizwa kwa damu, wala hauenezwi kwa kula pamoja.

Nyumbani tulimkuta mganga kutoka Matambarale. Shangazi alikuwa amemwita atupige chale za kinga, nyumba nzima, tusiambukizwe na kaka. Kaka, kama mwenye ugonjwa, alichanjwa wa kwanza. Mganga akaufuta wembe kwenye kanzu yake na kuniita mimi.

"Shangazi, badilisheni wembe," kaka alisema. "Ugonjwa uko kwenye damu."

"Wembe mpya huo, nimeununua leo," shangazi alimjibu. "Na kikombe chako usikishushe."

Nilimheshimu shangazi. Nikatoa mkono.

Miaka michache baadaye nilipimwa nami. Ninacho kirusi. Huenda nilizaliwa nacho, walisema, huenda ni wembe. Hakuna wa kujua. Nilirudi nyumbani na mwanangu mgongoni, nimejaa hasira na woga. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, akatafuta nyundo, akapigilia msumari wa pili kando ya ule wa kaka. Kisha akamtazama mtoto.

"Na huyu," akauliza, "chale zake lini?"