Mume Wangu, Baba, na Pumzi Zao

Mume wangu alikuwa mzamiaji huko Diani, miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Alizama na kipande cha chuma kilichopindwa ncha, akapekua mapango ya mwambani na kutoka na kamba wakubwa, tukawauza jikoni hotelini. Kazi ile niliielewa. Mtu anaingia majini mikono mitupu, anatoka na kitu, tunakula.

Balaa ililetwa na mgeni wa hoteli, mzee mmoja wa Kizungu mwembamba kama mpini wa jembe. Alimwona mume wangu alivyokaa chini ya maji, akamwambia kwamba huko kwao watu hushindana kuzuia pumzi. Hulala kifudifudi majini, uso ndani, kimya, na wa mwisho kuinua kichwa hupewa kikombe. Mume wangu alirudi nyumbani siku hiyo macho yamemtoka kwa furaha, kamba wawili tu mkononi.

Nikamwuliza, "Na huko chini wanatoa nini?"

"Hawaendi chini. Wanalala juu ya maji."

"Hata chaza hawaleti?"

"Hawaleti kitu, mke wangu. Wanashindana tu."

"Basi na maiti naye apewe kikombe," nikamwambia, nikaenda zangu kupepeta mchele.

Nilidhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Chifu alitangaza kwamba sherehe za uhuru mwaka ule zitafanyika pwani ya Msambweni, na kutakuwa na michezo: kuvuta kamba, kukimbia ndani ya magunia, na, kwa ombi la vijana wa Diani, kuzuia pumzi. Nani aliwatia vijana wa Diani wazo hilo, sina haja ya kusema. Tangu siku hiyo mume wangu hakuwa mtu wa kukaa naye. Nikimpa chai, anaweka kikombe chini, anaziba pua, anakodoa macho, mpaka chai ipoe. Nikimwuliza chumvi imetosha, ananyanyua kidole, maana yake ningoje. Majirani wakaanza kuninong'oneza kwamba ana pepo wa baharini, na mmoja akanielekeza kwa mganga wa Kikoneni. Nikamjibu kwamba pepo wa baharini angalau huomba udi na halua, huyu wangu haombi chochote ila nimwache.

Sasa sikiliza lililotukuta. Baba yangu aliishi Msambweni, na alikuwa mtu wa adabu kupita kiasi. Alisalimia kila mtu, akauliza habari za nyumba, za wazee, za watoto, za shamba, na mifugo kama ipo, na wewe ukakosea kumjibu moja, alirudia toka mwanzo. Asubuhi moja alipanda lori la nazi akaja Diani kututembelea, na kuku mkononi. Mimi nilikuwa kisimani. Akasimama mlangoni, akasema, "Asalaam aleikum." Mume wangu alikuwa sebuleni juu ya mbuzi ya kukunia nazi, pua ameziba, mashavu yamejaa. Akamtazama mkwe wake, hakujibu. Baba akatoa salamu ya pili. Akatoa ya tatu. Dini imetufundisha kwamba ukipiga hodi mara tatu usijibiwe, uondoke. Baba akaondoka, na kuku wake.

Nilikutana naye njiani, ndoo kichwani. Nikamwamkia, akaitikia, lakini midomo inamtetemeka.

"Mumeo hayuko?" akaniuliza.

"Yuko, baba."

"Najua yuko. Nimemwona, naye ameniona. Amenitumbulia macho kama samaki chewa. Kusalimu ni sunna, mwanangu, kuitikia ni faradhi. Mtu asiyeitikia salamu yangu mara tatu, nimwachie binti yangu kwa lipi?"

Nilikwenda nyumbani mbio, maji yakinimwagikia. Nikamkuta mume wangu anahema, amefurahi, ananiambia leo amepita pale alipoishia jana. Nikamwuliza kama alimsikia baba. "Nilimsikia," akasema. "Nikasema nimalize kwanza." Jamani, nilitaka kumpiga na ndoo. Badala yake nikaketi chini nikalia, kwa sababu nilimjua baba yangu.

Siku ya pili yake ujumbe ukaja kwamba nirudi Msambweni hadi mume wangu aende akaombe radhi mbele ya wazee. Kwa mila zetu Wadigo mjomba ndiye mwenye neno zito, lakini mjomba wangu alisema yeye hataki kuingia katika kesi ya mtu aliyekataa kupumua, kwa hiyo baba akabaki nayo peke yake. Nikafunga nguo zangu katika leso nikaenda. Nilimtaka mume wangu, na kichaa chake chote. Hilo hakuna aliyeniuliza.

Alikuja, maskini, amevaa kanzu yake ya Idi. Akamshika baba mkono, akaubusu, akaomba radhi, akaeleza kwamba alikuwa amezuia pumzi.

Baba akasema, "Umezuia pumzi. Ulimi nao umeuzuia?"

"Baba, ukifungua mdomo pumzi inatoka."

"Wa-aleikum salaam ni maneno mawili. Hayo nayo yanamaliza pumzi ya mtu?"

"Yanamaliza, baba."

Wazee watatu waliokuwa pale wakatazamana. Hapo ndipo baba alipofanya kosa ambalo ni mtu mwenye adabu kama yake tu angelifanya. Mwingine angelisamehe au angelikataa, yakaisha. Yeye akasema haifai kumhukumu mtu kwa jambo ambalo hakimu mwenyewe hajalionja. Akaita, "Leteni karai."

Mama akaleta karai la kufulia, limejaa maji. Baba akavua kofia, akampa mzee mmoja amshikie, akainama akatia uso. Akatoka baada ya kitambo kidogo, ndevu zinachuruzika, akikohoa. Akasema hiyo haikuwa hesabu, maji yalimwingia puani. Akatia tena. Akatoka, akasema sasa ameanza kuelewa, lakini bado hajaelewa. Akatia mara ya tatu. Wazee wakaaga mmoja mmoja, kwa kuwa adhuhuri ilikuwa imekaribia na baba bado yuko ndani ya karai.

Mwisho akajifuta uso kwa kikoi, akatoa hukumu. Kwamba yeye naye atashindana siku ya sherehe. Mume wangu akimshinda, basi itakuwa kweli jambo hili linamtaka mtu mzima mzima, na udhuru wake umekubaliwa, anichukue. Baba akishinda yeye, basi mtu mzee ameweza, na kijana hakuwa na sababu ya kunyamaza, na mimi nibaki. Mantiki hiyo sikuielewa siku ile, na mpaka leo mwenye kuielewa aje anieleze.

Nikakaa kwa baba. Nyumba ikawa ndiyo ile ile niliyoiacha, ila aliyeziba pua ni mwingine. Baada ya kila sala ya alasiri alikwenda uani kwenye karai. Mama akimwita chakula, kidole juu. Siku moja mama alimsimamia kichwani na sahani ya muhogo wa nazi mpaka mkono ukamchoka, akanigeukia akaniambia, "Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha." Akaondoka na sahani. Usiku ule baba alikula muhogo wa baridi, na hakuthubutu kulalamika.

Siku ya sherehe watu walitanda pwani kama siagi juu ya mkate. Bupwe lilikuwa limetoka, maji yamekwenda mbali, na kwenye mwamba limebaki dimbwi pana, kina chake mapajani. Waamuzi walisema washindani watalala humo kifudifudi, visogo juu ya maji, nyuso chini, ili kila mtu aone. Kulikuwa na sababu ya kutaka kuona. Kijana mmoja wa Ukunda alikamatwa kabla hata ya kuanza, ameficha bua la jani la mpapai ndani ya shati, lile lenye uwazi katikati ambalo watoto hulipuliza. Alijitetea kwamba ni dawa ya tumbo.

Walioingia walikuwa kama kumi. Mmoja wao alikuwa mkulima mgeni kutoka bara, aliyepewa shamba huko kwenye makazi mapya, na tuliambiwa amefanya mazoezi miezi mizima ndani ya pipa nyumbani kwake. Watu walimwogopa. Bahari alikuwa hajaigusa. Filimbi ilipolia akatia uso pamoja na wenziwe, na papo hapo akaruka juu, anatema mate.

"Hii maji imetiwa chumvi!" akasema kwa uchungu, akiwatazama waamuzi.

Wakamwambia ndivyo ilivyo. Hakukubali. Alitoka majini akaenda kumshitaki kwa chifu mtu aliyetia chumvi, na chifu, kwa kuwa kulikuwa na wageni, akamsikiliza hadi mwisho.

Huku dimbwini vichwa vilikuwa vikiinuka, kimoja hapa, kingine pale, watu wakicheka. Mwisho vikabaki viwili. Kisogo cha mume wangu, cheusi, na kisogo cha baba, cheupe kwa mvi. Walikuwa wamelala ubavu kwa ubavu kama watoto wa mama mmoja. Kicheko kikapungua. Kisha kikaisha. Mtu wa ngoma akaacha kupiga bila kuambiwa.

Nilisimama ukingoni, nikamwona baba vidole vinamcheza majini. Nikamwona mume wangu shingo imemkakamaa, mgongo unampanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi. Nikawatazama waamuzi, nao wanatazamana. Hakuna aliyetaka kuwa yeye aliyeharibu mchezo. Nikasema ndani ya nafsi yangu, hawa watakufa wote wawili, tena kwa ajili yangu, na mimi mwenyewe sikuulizwa hata siku moja nataka kulala wapi.

Nikaingia majini na leso zangu. Nikawafikia, na nilipowafikia sikujua la kufanya. Baba simgusi kichwa, mtu hamshiki babake kichwa hata kama anazama. Mume wangu nikimkamata mbele ya wanaume wote wale na chifu, nimemvunjia heshima maisha. Kilichobaki kwangu ni kile alichonifundisha baba tangu sijaota meno. Nikasimama vizuri, nikashika leso yangu kichwani, nikasema kwa sauti, "Asalaam aleikum."

Mume wangu aliinuka kama aliyesukumwa kutoka chini. Uso umevimba, macho mekundu, kamasi, maji, kila kitu. Hakuvuta hata pumzi. Kwa kile kidogo kilichobaki kifuani akasema, "Wa-aleikum salaam," na ndipo akaanguka kwa magoti akahema.

Pwani nzima ilisikia. Nikamgeukia yule mwingine.

"Shikamoo, baba."

Kisogo hakikusogea. Nikangoja. Nikasema tena, "Shikamoo, baba," na sauti ilinikatika, kwa sababu tangu nizaliwe hajawahi kuniachia shikamoo ikae hewani. Wazee wale watatu walikuwa ukingoni, nikawaona wanainamisha macho. Nikasema mara ya tatu. Kisha nikanyamaza, kwa kuwa mara tatu ndiyo adabu yenyewe.

Alipoinuka mwisho, ngoma zikalia. Ofisa wa serikali, mtu wa bara, alikuja na zawadi ya mshindi, blanketi zito la sufu, akamvisha baba mabegani katika jua la kaskazi lililokuwa likichoma mpaka mawe. Watu wakampigia makofi. Baba alikuwa akihema ndani ya blanketi lile, anatafuta kwa macho, mpaka akatuona: mimi nimelowa hadi kiunoni, mume wangu ameniegemea.

Akamwuliza mume wangu, "Mbona umetoka? Ulikuwa na pumzi bado."

"Nilisalimiwa, baba," akasema mume wangu.

Baba akanitazama. Nilitaka aseme kwamba masikio yake yalikuwa ndani ya maji, kwamba ni mzee, hasikii vizuri. Ningelimwamini, na nadhani kila mtu pale angelimwamini. Lakini baba yangu hakuwa mtu wa kusema uongo.

"Nilikusikia, mwanangu," akasema. "Zote tatu. Nikasema nimalize kwanza."

Akalivua blanketi, akalishika mkononi hajui aliweke wapi, na midomo ikamtetemeka kama siku ile njiani. Kisha akasema, "Marahaba." Akairudia mara tatu, taratibu, kila moja na pumzi yake, mbele ya chifu na wazee na yule mkulima aliyekuwa bado anadai haki yake ya chumvi.

Akamwambia mume wangu, "Chukua mkeo."

Tulitoka kwa miguu hadi barabarani kutafuta lori. Nyuma yetu walikuwa wameanza mbio za magunia. Mume wangu aliniuliza kama nimeona alivyokaribia kushinda, nikamwambia nimeona. Sikugeuka kumtazama baba, maana nilikuwa nalia, na najua naye alikuwa analia.