Kibao cha Mlango wa Jiko

Mwezi uliopita nilirudi Shanwe kuhamisha vitu vya marehemu baba, maana mpangaji anaingia na nyumba imejaa makorokoro. Kwenye jiko la bibi nikakuta kibao kinene cha mninga, upande wa chini kimeshika tope kavu. Ungekiona ungesema ni kibao cha jeki, ila hakina hata tone la grisi. Nikakaa chini palepale. Mdogo wangu akadhani nimechoka.

Ngoja nikusimulie. Baba alikuwa dereva wa gari la tajiri mmoja, kazi yake kuwapeleka porini wawindaji wenye vibali, upande wa Inyonga. Kiangazi kazi ilikuwa nyepesi. Balaa ilikuwa safari ya mwisho ya msimu, mvua zimeshaanza kunyesha na mbuga za udongo mweusi zimekuwa uji mtupu.

Safari hiyo iliandaliwa siku mbili nzima. Uani kulinuka grisi, na jikoni bibi akichemsha michembe, vile viazi vitamu vikavu, wawe na cha kutafuna njiani. Baba alifunga nailoni kwenye nyaya za plagi zisilowe, akakagua minyororo ya matairi pingili kwa pingili. Chini ya kiti aliweka kipande cha sabuni ya mche. Kwa miaka mingi niliamini ni ya kuogea, kumbe jiwe likitoboa tangi la mafuta, tundu linazibwa kwa sabuni.

Mwisho vyombo vyote vilitandazwa juu ya turubai. Mimi, binti yake mkubwa, ndiye niliyevipakia, na yeye akiwa chini ya gari aliita kimoja kimoja. Panga. Lipo. Koleo. Lipo. Hakuinuka kuhakikisha. "Mbugani hakuna duka, mama," aliniambia kila mwaka. Ndivyo alivyoniita, mama.

Kibao kilikuwa cha kuweka chini ya jeki. Bila kibao, kwenye tope jeki inazama yenyewe na gari linabaki palepale.

Mwaka ule mvua ilianza kabla hawajaondoka. Maji yalikuwa yanaingia jikoni, bibi akachukua kibao, akakiegemeza mlangoni na kukikandika udongo. Nilimwona. Nilipanga kukichukua michembe ikishaiva, maana ningekitoa mapema maji yangezima moto. Baba akaita, "Kibao." Nikajibu, "Kipo."

Siwezi kukudanganya kwamba nilisahau. Wawindaji walifika na haraka zao, gari likawashwa, na lilipokata kona nilikuwa nakitazama kibao pale mlangoni. Nikanyamaza.

Walitakiwa kurudi Jumamosi. Jumamosi ikapita, na Jumapili, na mvua haikukatika. Chakula kilinishinda. Bibi alinishika shingo kuona kama nina homa, nikamwacha aamini hivyo. Nilijua kabisa baba yangu yuko kwenye tope kwa sababu yangu, na sikuwa na ujasiri wa kusema.

Gari liliingia uani Jumanne mchana, halina mlango wa nyuma. Baba alishuka viganja vimechubuka. Utingo wake ndiye aliyemweleza bibi.

"Jeki inazama tu, bibi. Tumechimba siku tatu, mgeni mmoja anatetemeka homa. Mwishoni tumefungua mlango wa nyuma, tukauweka chini ya jeki."

"Sasa nyie mliendaje bila kitu cha kuweka chini?"

"Mzee alisahau kibao. Kasema mwenyewe, mbele ya wageni."

Dereva kukiri hivyo mbele ya wageni ni kuuweka mkate wake rehani. Baba akaelekea jikoni, akafika mlangoni, akakitazama kibao, halafu akanitazama mimi.

"Maji ya kuoga yapo, mama?"

Nikaenda kufunua sufuria kwanza. Kisha nikasema yapo.

Hakuniuliza chochote, siku ile wala baadaye. Wiki iliyofuata alileta kipande cha mninga, akakikata sawa na kile cha gari, akakiweka mlangoni kwa bibi. Kile cha zamani akakirudisha kwenye turubai. Msimu uliofuata aliniita tena kupakia, na bado hakuinuka kuhakikisha.

Gari lile liliuzwa vyuma chakavu. Kwenda Inyonga sasa ni lami, mtu anaondoka na simu yake tu mfukoni. Bibi hayupo, na baba ameondoka sijamwambia ukweli alioujua siku zote. Hilo bado linaniuma.

Tulipomaliza kupakia vitu vya baba, mdogo wangu aliuliza kutoka kwenye usukani kama kile kibao changu kimeingia. Nilizunguka nyuma ya gari, nikakigusa kwa mkono, ndipo nikamjibu kwamba kipo.