Dansi la Kupokonyana

Winnie Hargreaves hakuwa mwoga. Aliwahi kumfukuza panya kiwandani kwa kiatu kimoja mkononi, na siku msimamizi alipomwita mvivu alimpa majibu ambayo mpaka leo hayasemeki mbele ya watoto. Lakini kumwendea Clifford Ogden, muuza utumbo wa ng'ombe pale sokoni Burnley, kule Uingereza, kulimshinda kabisa. Kila Ijumaa alipanga foleni mbele ya meza yake, na zamu ikifika ulimi unakauka. "Nusu ratili," anasema, basi. Clifford anamfungia, anamnyunyizia siki, na huyo anaondoka. Na utumbo wenyewe yeye hali! Alikuwa anampelekea paka wa jirani, ambaye miaka ile ya chakula kugawiwa kwa kadi alinenepa kuliko binadamu yeyote wa mtaa ule.

Jumamosi jioni kulikuwa na dansi kwenye ukumbi wa kanisa. Wanawake walikaa kwenye viti ukuta huu, wanaume wakasimama ukuta ule, na katikati sakafu imepakwa nta inang'aa. Wa kuvuka ni mwanamume. Akikubaliwa, heri yake. Akikataliwa, anarudi sakafu nzima peke yake huku watu wote wakijifanya wanatazama dari. Ndiyo maana wengine walikuwa hawavuki, na Clifford alikuwa mfalme wao. Alisimama karibu na mlango na kikombe chake cha chai tangu bendi ianze mpaka imalize.

Jumamosi hiyo mambo yalikuwa mazito. Shangazi yake Clifford, mwenye duka la samaki wa kukaanga huko pwani, Blackpool, alikuwa amechoka na anataka kumwachia hilo duka. Jibu lilitakiwa kesho, mezani kwa shangazi, baada ya ibada. "Kama hakuna cha kunishika hapa, nitakwenda," Clifford alikuwa amemwambia muuza jibini, na kumwambia muuza jibini ni sawa na kupiga mbiu.

"Sasa unangoja nini?" aliuliza Edie Pickup.

Edie, shoga yake Winnie tangu utoto, alikuwa mwisho kabisa wa ukumbi, kwenye kidirisha cha chai, na bendi ilikuwa inapuliza matarumbeta kwa nguvu. Lakini wote wawili walikuwa wafumaji wa nguo. Ndani ya kiwanda mitambo inanguruma hata radi ikipiga huisikii, kwa hiyo wanawake wa kule husema kwa midomo bila sauti, wanaitanua, wananyanyua nyusi, uso mzima unafanya kazi. Wakishazoea, wanasema hivyo popote, hata msibani.

"Miguu imegoma," Winnie akajibu kwa midomo.

"Ichape! Msogelee tu, kama unaendea biskuti."

"Siwezi."

"Basi mjongee. Leo kiti kimoja, kesho kingine."

"Kesho anakwenda kwa shangazi!"

"Haya, mnyemelee kwa nyuma! Mwenzangu, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako."

Na kweli, maana mwenye bendi alinyanyua mkono akatangaza dansi la kupokonyana, mabibi ndio wenye ruhusa. Hilo ndilo dansi pekee ambalo sheria inapinduliwa. Mwanamke anamfuata mwanamume anayemtaka, na mwanamke mwingine akija akamgusa yule wa kwanza begani, lazima amwachie bila kununa.

Yupo anayesogea, yupo anayejongea, na yupo anayenyemelea. Norma Sagar, mjane mwenye duka la kofia, hakuyajua hayo madogo madogo. Yeye alijua kuvamia. Bendi haijapuliza hata pumzi, tayari alikuwa ameshavuka, amemnyang'anya Clifford kikombe, amekiweka dirishani, na anamzungusha katikati ya sakafu kama anafuta vumbi.

"Norma anajua kukaanga samaki?" Edie aliuliza kutoka kule.

Hapo ndipo Winnie alipopandwa na kichaa. Alisahau adabu, akasahau alipo, akasimama, akatanua mdomo wake wote kumwambia Edie. "Nampenda, Edie! Nampenda mpaka nanunua utumbo nampa paka! Akienda Blackpool nitakufa, na nikifa mwambieni ni yeye!"

Hakutoa sauti hata chembe. Wanaume kule ukutani waliendelea kuvuta sigara zao. Lakini viti vyote vya upande ule vilikaliwa na wafumaji! Kiwandani ukiwa na siri unageuka ukutani, au unaziba mdomo kwa mkono, hata mtoto wa juzi anajua. Winnie alikuwa ameitangaza yake kwa uso wazi, mbele ya safu nzima ya wanawake wenye macho makali kuliko mwewe.

Vicheko vilipita kwenye viti kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kisha mama mmoja mnene akaweka mkoba wake chini, akajifuta mikono, akaingia sakafuni. Akamgusa Norma begani. Norma akatabasamu kwa meno tu, akamwachia. Yule mama akamzungusha Clifford mara mbili, na kila akizunguka, wanasogea kidogo upande wa viti. Akaja mwingine, akamgusa yule mama. Naye akazunguka, naye akasogea. Norma alipotaka kurudi kumpokonya, msichana mmoja alimkumbatia kiuno akamwambia, "Njoo tucheze sisi, Bi Norma, wanaume wenyewe wana miguu mizito," akamkokota mpaka kwenye jukwaa.

Winnie alitazama bila kuelewa. Kisha akaelewa. Walikuwa wanamleta!

Alinyakua koti lake akakimbilia mlango wa nyuma. Hakufika mbali. Edie alikuwa ameshatoka kwenye kidirisha, amesimama njiani na birika la chai linafuka moshi.

"Rudi ukae."

"Edie, nakuomba kwa jina la..."

"Rudi, au nakumwagia, na ni ya moto!"

Akarudi. Akaketi na koti lake mapajani, na bado, Mungu amsamehe, kicheko kinamtekenya. Yule mama mnene alikuwa amempokonya Clifford tena. Wakafika mbele kabisa ya kiti chake, mama akasimama, akampa Winnie mgongo, bega lake pana likawa karibu na pua yake.

"Bega hilo, mwanangu," alisema bila kugeuka. "Fanya haraka, goti linaniuma."

Hapo hakuna wa kumsaidia. Winnie alinyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena, akagusa.

Walicheza. Alimkanyaga, akamkanyaga tena, na hakuthubutu kunyanyua macho kupita fundo la tai yake. Clifford alinukia siki na sabuni, na hakusema neno. Dansi lilikuwa linaelekea ukingoni. Winnie aliwaza, huyu anavumilia tu, kesho anakwenda zake.

Ghafla viti vyote vikalipuka kwa vigelegele. Wanawake walisimama, wengine wanapiga makofi, Edie analia ndani ya aproni.

Winnie akanyanyua uso. "Kuna nini?"

Clifford alikuwa mwekundu mpaka masikioni. "Nimekuuliza jambo, na wewe huniangalii."

"Sijasikia kitu."

"Sikutoa sauti. Mama yangu alifuma mpaka akawa kiziwi. Nyumbani kwetu tulisema hivyohivyo."

Winnie alisimama palepale. Jumamosi zote zile! Yeye kwenye kiti, Edie kwenye chai, na huyu mlangoni na kikombe chake.

"Umekuwa ukitusoma?"

"Tangu Krismasi. Hata habari za paka."

"Mshenzi wewe! Na ukakaa kimya?"

"Kila Jumamosi nilisema leo navuka. Namaliza chai kwanza. Chai ikiisha, naomba nyingine." Akatazama kile kikombe kule dirishani. "Nilidhani ni utani wa mashoga wawili. Leo ndiyo nimekuona unavyolia."

"Sikulia!"

"Ulilia."

"Ulikuwa unaniuliza nini?"

Alimtazama machoni, akasema taratibu, kwa midomo mitupu, "Nibaki?"

Ukuta mzima wa wanawake ulikuwa tayari unamjibu kwa midomo, baki, baki, baki. Bendi ilikuwa imemaliza. Winnie angeweza kujibu vilevile, na angemwelewa. Lakini alikuwa amempenda mtu huyu miezi na miezi bila sauti, na alichoka.

"Baki!" alipiga kelele kwa mapafu yake yote.

Hata wanaume, ambao jioni nzima hawakuwa wameelewa kitu, walisikia.