Kiuno cha Waheshimiwa Wawili

Hatua chache kutoka mpakani, fundi Inchi alijulikana kwa mambo mawili: kushona suti na kujitapa. Cha kujitapia alikuwa nacho. Daftari lake la vipimo lilikuwa na waheshimiwa wawili, wa kwetu na wa nchi jirani, kurasa zikitazamana. Wote walianza udiwani na kiuno cha inchi thelathini, mbavu nje. Wa kwetu akapata ubunge, thelathini na sita. Wa jirani akapata uwaziri, arobaini. Majukwaani walitukanana matusi ya nguoni, lakini kwa Inchi walikuwa matumbo mawili yanayofukuzana.

Wa kwetu naye alipoteuliwa waziri, alimtuma dereva na kitambaa tu.

"Vipimo si unavyo?" dereva akauliza.

"Waziri hapimwi, anaongezwa," Inchi akajibu, akaongeza inchi nne za cheo na kukata. Mkewe, sindano mkononi, aliguna. Suti hiyo ikikubalika, sare zote za wizara zingekuwa zao, na Inchi angeachana na viraka vya watu. Kibao kipya cha duka kilikwisha egemezwa ukutani, kinangoja maandishi.

Asubuhi ya kiapo waziri akaja kuivaa. Suruali ikaporomoka mpaka kwenye viatu.

"Unanishonea mimi au gunia?" akafoka. "Nina shughuli nyingi, wiki ya tatu chakula hakipiti!"

Inchi alitamani ardhi immeze. Mkewe alishusha msumarini suti nyingine, iliyokosa wa kuichukua mwezi mzima. Ikamkaa waziri utadhani kazaliwa nayo.

"Hii ya nani?"

"Ya mteja aliyesafiri ghafla, mheshimiwa," mke akasema.

"Nikishaapa tu, fundi, sare za wizara ni zako." Akatoka kifua mbele.

Inchi akafungua daftari. Suti ile ilikuwa ya waziri wa jirani. Mara ya mwisho alikuja kupimwa akiwa amekonda mpaka thelathini na nne, akilalamika kuwa ana shughuli nyingi, chakula hakipiti. Wiki iliyofuata wakamtia ndani.

Inchi akachukua kalamu. Kwenye ukurasa wa wa kwetu naye akaandika thelathini na nne.

"Baba, nimwite fundi rangi aje aandike kibao?" mkewe akauliza.

"Mwache kwanza," Inchi akasema. "Hebu niletee zile suruali za viraka."