Walimnyima Mwanvita mbegu, sasa wanataka kumpima bintiye

Jua bado halijavuka mgongo wa Uluguru, na Mwanvita Kibwana amekwisha kumchapa mtu mkono.

Aliyechapwa ni Godfrey, kibarua mgeni katika kitalu cha miche kilichopo Kihonda, nje kidogo ya mji wa Morogoro. Amepita kwenye mstari wa viriba, vifuko vya plastiki vilivyopandwa mbegu za mdalasini, akainama, akachokonoa udongo kwa kidole aone kama kuna chochote kinachoota.

"Usifukue," Mwanvita anamwambia. "Ikiota itatokea yenyewe. Haihitaji kuitwa."

Godfrey anacheka, anaomba radhi na kurudi kwenye toroli lake la mchanga. Mwanvita hacheki. Anausawazisha udongo kwa kiganja, taratibu, kisha anachukua keni yake ya kumwagilia na kuendelea na mstari.

Ukimtazama akipita kati ya miche ya karafuu na pilipili manga, huku akiondoa jani hapa na kuinua kiriba pale, huwezi kudhani kwamba mwanamke huyu wa miaka 41 aliishi karibu miaka thelathini akikatazwa kushika mbegu. Hakuwa ameiba wala kumdhuru mtu. Walisema tu kwamba ana mkono mbaya.

Mwanvita alizaliwa upande wa Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru. Kwao, shamba lilipokuwa tayari na mvua zikikaribia, mbegu za kwanza zilidondoshwa na mtu mwenye mkono mzuri, halafu wengine wakafuata. Akiwa na miaka saba, bibi yake alimpa heshima hiyo. Alitembea mbele ya watu wazima na kidole kikiwa bado na unga wa mahindi ya mbegu, anakumbuka, akijiona bibi harusi.

Mahindi hayakuota.

"Mwaka ule mvua ilikata kijiji kizima," anasema. "Hakuna aliyevuna, si sisi, si majirani. Watu walikula ndizi mbichi mpaka wakazichukia. Lakini mvua ilivyorudi, wote wakasamehewa isipokuwa mimi."

Ndivyo ilivyo. Ukame uliwapiga wote, jina baya akapewa mtoto wa miaka saba. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na hawa walimkunja Mwanvita akiwa mbichi kabisa. Kila msimu wenzake waliposhika mbegu, yeye aliambiwa akachote maji, akapike, akae na watoto wachanga. Aliyepita karibu na kapu la mbegu huku Mwanvita yupo alilisogeza kwa mguu.

"Hakuna aliyenipiga. Wangenipiga ningekasirika mapema," anasema. "Walikuwa wananiambia kwa upole, mwanangu, wewe kaa pembeni. Na mimi nikaamini. Nikawa mwenyewe nakaa pembeni kabla sijaambiwa."

Imani hiyo ilikuwa na bei. Kwa Waluguru ardhi hupita upande wa mama, na mama yake Mwanvita alipofariki, ukoo ulikaa kugawa mashamba yake kwa mabinti wake wawili. Dada mkubwa, Mwanahawa, alipewa sehemu yake. Sehemu ya Mwanvita akapewa Mwanahawa pia, "akutunzie", kwa kuwa mwenye mkono mbaya angeiua ardhi bure.

"Nilisema asante," anakumbuka Mwanvita. "Niliwashukuru. Niliona wamenisaidia."

Mpaka leo mashamba yote mawili yanavunwa na mtu mmoja, ndizi na mdalasini, na sehemu ya pili haijawahi kumletea mwenyewe hata mkungu. Alipotafutwa kwa simu, Mwanahawa alijibu kwa adabu kwamba ardhi ni ya ukoo, hana la kuongeza, na akaomba mdogo wake asalimiwe.

Mwanvita alishuka mjini, akafanya kazi za ndani, akaolewa, akaachika akiwa na binti mmoja, Shamsia. Miaka sita iliyopita alipata kibarua hapa kitaluni. Siku ya kwanza alimwambia msimamizi kwamba atachanganya udongo, atajaza viriba, atabeba maji, lakini mbegu hashiki. Msimamizi alidhani ni uvivu wa aina mpya.

Siku moja wapandaji waliugua, kazi ikalala, ikabidi naye apande. Alipanda mstari mmoja wa mdalasini. Wiki zikapita. Mistari ya wenzake ikachipua, wake ukabaki udongo mtupu.

"Nikasema basi, si nilijua," anasema.

Aliyejua zaidi ni Paskalia, mwenzake wa kazi kutoka Gairo, ambaye hakuwahi kusikia habari za mkono wala za mguu. Yeye alikuwa amemwona. Kila alfajiri, kabla wengine hawajafika, Mwanvita alikwenda kwenye mstari wake, akafukua mbegu moja moja kuangalia kama imeoza, akazifukia tena.

"Nilimwambia, dada, wewe ukilala halafu mtu akakufunua shuka kila saa, utalala?" anasimulia Paskalia. "Mbegu ilikuwa inataka kuota, yeye anaiamsha. Ameivunja mzizi, analia kwamba ana mkosi."

Paskalia alimpandisha mstari mwingine na kumpiga marufuku kuusogelea. Alimwagilia yeye mwenyewe. Mwezi wa pili tangu wapande ulipoingia, alimshika Mwanvita mkono na kumpeleka kuona. Mstari mzima ulikuwa umetoka, majani mekundu yale ya mdalasini mchanga.

Mwanvita alikaa chini palepale akalia. Vibarua wakampigia makofi wakidhani ni furaha.

"Haikuwa furaha," anasema. "Nilikuwa na hasira. Mkono wangu ulikuwa mzima siku zote. Kilichokuwa kinaua mbegu ni ile hofu yangu, na hofu ile sikuzaliwa nayo. Nilipewa, kama mtu anavyopewa nguo."

Mwaka jana Mwanvita na wenzake walialikwa kwenye semina ya wajasiriamali mjini. Mtoa mada, kijana aliyevaa suti na viatu vinavyong'aa, aliwaambia akina mama kwamba umaskini uko kichwani, wabadilishe fikra na maisha yatabadilika. Ukumbi ulipiga makofi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, naye kijana aliubeba wa akina mama wote kwa mkono mmoja.

"Hakusema uongo wote," anakiri Mwanvita. "Fikra zinaweza kukufunga, mimi ni shahidi. Lakini nilitaka kumuuliza, hiyo fikra kichwani mwangu nani aliiweka? Na aliyeiweka akachukua shamba, naye tunamwambia abadilishe nini?"

Hakuuliza. Kipaza sauti kilikuwa mbali, na analipwa Sh7,000 kwa siku. Siku ya semina hakulipwa.

Yote hayo angeyameza, anasema, kama si yaliyotokea msimu huu wa masika. Shamsia, mwenye miaka kumi, alikwenda Matombo kusalimia ndugu wakati wa likizo. Alikuta watu wanapanda, akachukua kiganja cha mahindi. Wakampokonya. Wakamwambia ana mkono wa mama yake.

Mtoto hakusema kitu aliporudi. Mwanvita aligundua asubuhi moja, nyuma ya chumba wanachopanga Kihonda kwa Sh30,000 kwa mwezi. Shamsia alikuwa amepanda maharage kwenye kopo la rangi, sasa amechuchumaa, anayafukua moja moja.

"Nilimuuliza unafanya nini. Akaniambia, mama, naangalia kama nimeyaua."

Anang'oa jani lililonyauka na kulitupa.

Siku hiyohiyo alimpigia mjomba wake, Hashimu, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo. "Nilimwambia shikamoo, mjomba. Nikasubiri marahaba. Halafu nikamwambia, mimi mlinila nikanyamaza, huyu hamumli. Nataka shamba langu, na nataka litamkwe kuwa litakuwa la Shamsia."

Mjomba aliitisha kikao cha ukoo, kitakachofanyika Jumamosi hii, lakini akaweka sharti. Shamsia apande mistari miwili ya mahindi mbele ya watu. Yakiota, shamba litarudi.

Kitaluni sharti hilo lilipokewa kwa shangwe. Hata Paskalia alimsukuma akubali, kwani mahindi si yataota tu? Mwanvita mwenyewe alikaribia kukubali. Anajua kupanda, na angemfundisha mtoto jioni moja.

Alilala nalo, akaamka amekataa.

"Watoto wa dada yangu walipimwa? Mjomba mwenyewe alipimwa?" anauliza. "Na ngedere wakila mbegu? Na mvua ikikata kama ile ya kwangu? Nikikubali mwanangu apimwe, nimekubali kwamba mkono mbaya upo, ila tunatafuta nani anao. Mtoto wangu hapimwi. Apewe haki yake hata kama ataacha nyasi ziote."

Mzee Hashimu, alipoulizwa kwa simu, alisema hana ubaya na mtoto na kwamba mambo haya waliyakuta. Alipoulizwa kama kuna mtoto mwingine wa ukoo aliyewahi kupewa sharti hilo, alisema mtandao unasumbua huko milimani, na simu ikakatika.

Mwanvita ana miche ya karafuu aliyoikuza kwa ruhusa ya msimamizi, imefika kimo cha goti. Jumamosi atakwenda nayo Matombo, akiwa na Paskalia wa kusaidia kubeba na kushuhudia. Wakimpa shamba, ataipanda mbele yao. Wakimnyima, amesema atakwenda baraza la ardhi la kata, mjomba au si mjomba.

"Lakini shamba ni la pili," anasema. "La kwanza liko nyumbani."

Nyumbani, jioni, kopo la rangi liko palepale chini ya dirisha. Juzi walipanda maharage upya, mama na binti, na Mwanvita hakumpa onyo lolote. Jana, anasema, Shamsia alisimama mbele ya kopo kwa muda mrefu, kidole kikiwa kinywani.

Leo Shamsia anaingia kutoka shule, anatusalimia shikamoo, anatupa begi mlangoni. Wenzake wanamwita, wameshagawana timu za rede. Anakimbia, anaruka kopo na kupotea kwenye kona ya nyumba.

Mwanvita bado ameshika sufuria mkononi.

"Umeona?" anasema. "Hajachungulia."