Pumzi ya Kwanza ya Bi Kidawa

Saa mbili asubuhi ya Alhamisi, Bi Kidawa Simai amesimama mbele ya mlango wake mtaa wa Mkunazini, ufunguo mkononi, na haingii. Buibui lake bado lina harufu ya chumvi ya Jambiani, alikolala jana.

Anafumba macho. Anausukuma mlango, anavuta pumzi moja ndefu, kisha anarudi nyuma kukaa barazani. Uso umemkunjana kidogo.

"Pumzi ya kwanza ndo kweli," anasema. "Ya pili nshaizoea, itanidanganya."

Kwa robo saa nzima yuko mbali. Wapitao humsalimu, naye huitikia kama mtu anayeitwa kutoka usingizini. Leo anamsubiri mteja aliyemkosa kwa miaka mitatu, na hana hakika kama atakuwa na cha kumuuzia.

Bi Kidawa, miaka 54, hupika udi. Huyeyusha sukari, akachanganya vipande vya sandali, marashi na matone ya miski, kwa mkono aliofundishwa na marehemu mama yake. Kopo moja ni shilingi elfu kumi. Alhamisi nyumba nyingi za Mji Mkongwe hufukizwa kuukaribisha usiku wa Ijumaa, na zamani alihudumia wanawake thelathini kabla ya adhuhuri.

Wakapungua mpaka wanne. Kisha Bi Thuwaiba, somo anayewafunda na kuwapamba maharusi, ambaye tangu enzi za mama hakununua udi kwingine, akarudisha kopo mbele za watu.

"Kidawa, huu si udi wa mama yako," alimwambia. "Biharusi kakohoa mpaka wanja umemtoka!"

Kauli hiyo ilimchoma, lakini haikumwamsha. Lawama alimtupia Bi Nasima, aliyefungua duka la manukato upande wa pili wa uchochoro.

"Nikasema kanihusudu. Mwaka mzima nampita kama jiwe, mtu ambaye hata salamu hakuwahi kuninyima."

Nyani haoni kundule. Si methali ya kumwambia mtu mzima barazani kwake, ila bahati nzuri aliitaja mwenyewe, akacheka mpaka akajifuta machozi.

Kilichomzindua ni ugonjwa wa dada yake, Bi Time, mkulima wa mwani Jambiani. Alimuuguza siku kumi na moja, na anazieleza kama anayesimulia ndoto: maji yamekupwa hadi mbali, mwani umeanikwa, upepo mtupu, na hakuna wa kumuuzia wala wa kumlaumu.

Dada akapona. Bi Kidawa akarudi mjini, akafungua mlango wake.

"Nikakohoa! Nikauliza, nani kaingia humu akafanya haya? Na ufunguo nnao mimi."

Alikaa hapa hapa barazani, akalia. Kwa kuishi ndani ya harufu ile, pua yake ilikuwa imeizoea, na kila alipoona udi umefifia aliongeza tone la miski. Tone leo, tone mwezi ujao. Hakuna aliyemroga. Jioni ile ile alivuka uchochoro akamwomba Bi Nasima radhi.

Tangu hapo Jumatano hafungui. Huenda Jambiani kuipumzisha pua, na akiwa ufukweni hujiuliza na mengine: nani nimemjibu vibaya, kipi nakifanya kwa mazoea tu.

"Wananiambia natupa siku ya biashara. Waache. Siku hiyo ndo nnajitazama."

Wateja wamerudi, Alhamisi hufika kumi na wanane. Anatarajia kumfundisha bintiye, Nadra, aanze na kusimama mlangoni kabla hajashika sufuria. Lakini tumaini lake kubwa ni kusikia tena udi wake ukiitwa udi wa mama.

Saa nne, Bi Thuwaiba anatokea taratibu, fimbo mkononi.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, Kidawa. Mjukuu wangu anaolewa Jumapili. Nasikia umejirudi, nipe makopo manane."

Makopo yako tayari, yamepangwa rafuni tangu Jumanne. Bi Kidawa anayatazama, kisha anamtazama bibi yule.

"Nisamehe, Bi. Haya sikuuzii. Asubuhi nimeyanusa, sukari iliungua kidogo."

Bi Thuwaiba anafungua kopo moja, ananusa, ananusa tena. "Mie sisikii kitu."

"Mie nimesikia, Bi."

Mtu angedhani mteja amepotea mara ya pili. Bi Thuwaiba anafunika kopo, anavua viatu, anajikalisha barazani na kuegemeza fimbo ukutani.

"Basi pika mwengine, nakungoja," anasema. "Mama yako naye alikuwa akinirudisha hivi hivi."